Umbali wa Ndege na Umbali wa Maji

Mwaka 2010, tulipokuwa tukifundisha darasa la saba kijijini Kiongoroni, ndani ya delta ya mto Rufiji, tuliandika ubaoni hesabu moja ya mwendo. Ndege ndogo yaondoka uwanja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, na kwenda uwanja wa Mtemere ulioko bara, kando ya mto Rufiji, penye mojawapo ya malango ya mbuga ya Selous. Umbali ni kilomita 160. Ndege yaenda kilomita 320 kwa saa. Je, itatumia muda gani? Umbali tuliupata kwa kuweka rula juu ya ramani, na mwendo tuliuchagua kwa kuwa ndege za injini moja zitumiazo viwanja vya namna hiyo hukaribia kasi hiyo, na pia, tukiri, kwa kuwa jibu lilitoka sawasawa bila mabaki.

Wanafunzi karibu wote waliandika nusu saa. Mmoja tu, binti aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, hakuandika kitu. Tulipomwuliza sababu alisimama, akaikunja mikono yake nyuma, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hesabu haikusema maji yako wapi."

Darasa lilicheka. Sisi pia tulicheka, lakini tukanyamaza kabla yao.

Tulimweleza kwamba ndege haingoji maji. Alikubali, akaketi, akaandika nusu saa kama wenzake, na kipindi kikaendelea. Walakini neno lake halikututoka. Tangu azaliwe, binti yule alikuwa hajapata kusikia habari ya safari yoyote ambayo haikuanza na maji: yanaingia au yanatoka, ni ya bamvua au ni maji mafu. Kwake yeye hesabu ile ilikuwa na upungufu, kama hesabu ya bei isiyotaja kipimo cha kilo wala pishi. Nasi tuliozaliwa pale pale, tukanyonya maneno hayo hayo, tulikuwa tumeyaacha mlangoni mwa chuo cha ualimu.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, yafaa tueleze kidogo. Mto Rufiji ukikaribia bahari hauendi tena kama mto mmoja. Hugawanyika mikono mingi, na mikono hiyo hugawanyika vijito, na vijito hivyo huungana na kuachana tena hata mgeni hawezi kujua ni upi unaokwenda baharini na ni upi unaoishia topeni. Kati ya maji hayo pameota msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao ni mkubwa kuliko misitu yote ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Watu wa bara huuita wote mikoko, lakini kwetu mti wenye mizizi kama miguu ya kaa ndio mkoko, na zaidi ya huo kuna mkandaa, msindi, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi, kila mmoja na kazi yake na mahali pake, kwa kadiri maji ya chumvi yanavyoufikia. Vijiji vyetu vimekaa juu ya visiwa vya ardhi iliyoinuka kidogo tu. Watu hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na tangu zamani walikata boriti ambazo majahazi yalizichukua mpaka nchi za Arabuni. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mlango-bahari wa kama kilomita 20, kipo kisiwa cha Mafia.

Katika nchi ya namna hiyo njia ni maji, na maji hayakai. Mara mbili kwa siku bahari hupanda ikaingia mpaka ndani ya vijito, na mara mbili hushuka. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kijito kilichobeba jahazi alfajiri huwa saa chache baadaye ni handaki la tope ambalo hata mtumbwi hauwezi kuburutwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi hapo kuna vijito ambavyo havipitiki kwa siku kadhaa mfululizo, maana maji hayafiki kabisa. Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko siku iliyotangulia. Katika pwani yetu bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Ndani ya vijito huchelewa zaidi. Mtoto wa Kiongoroni akiutazama mwezi jioni aweza kukwambia kesho chombo kitaelea saa ngapi, naye hajui kwamba hiyo ni elimu.

Chombo kikiachwa na maji juu ya tope, watu waliomo husemwa wamepwelewa. Neno hili tunalipenda, na twasikitika kwamba vijana wengi wa mijini hawalijui. Halimlaumu mtu. Aliyepwelewa hakupotea, wala hakuchoka, wala hakuishiwa na nguvu. Anajua mahali alipo na mahali aendako, pengine anauona hata moshi wa jikoni kwao, ila maji yamemtoka chini na hana la kufanya mpaka yarudi. Wakati huo watu hupika uji chomboni, hushona nyavu, husimulia habari. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa, nao walilisema kwa maana ya utajiri na cheo; sisi wa delta twalifahamu kwanza kwa maana yake ya tope.

Mjomba wetu mmoja alikuwa nahodha. Siku moja, baada ya kurudi kutoka chuoni tukiwa na elimu mpya ya vipimo, tulimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, nasi tukamwuliza kutoka hapa mpaka Nyamisati ni kilomita ngapi. Nyamisati ni bandari ya bara ambako watu wa delta hushukia wakienda Bungu, Kibiti na Dar es Salaam. Alifikiri kwa muda. "Ukitoka na maji ya alfajiri si mbali, mwanangu," akasema. "Ukichelewa, ni mbali sana." Tulidhani anatufanyia mzaha. Hakuwa akifanya mzaha. Kwa nahodha mahali pamoja paweza kuwa karibu asubuhi na mbali mchana, naye hutoka na maji yanayopwa yamchukue mpaka mlangoni, na huko hukutana na maji yanayojaa yamwingize aendako. Akikosa ya kwanza hukosa na ya pili. Umbali kwake si kitu kilicholala juu ya ardhi kikisubiri kupimwa. Ni mapatano baina ya chombo, mwezi na upepo.

Upepo nao haukosi kuwa na neno lake. Kaskazi kwetu huvuma tangu mwezi wa Desemba hata Machi, na kusi humfuatia. Mabaharia wa Waswahili wa zamani waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi, kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, kwa sababu hesabu ya mwezi peke yake isingeweza kuwaambia majira ya pepo. Hivyo walikuwa na hesabu mbili kwa pamoja, ya mwezi kwa ajili ya maji na ya miongo kwa ajili ya tanga. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba hesabu ililetwa pwani kwa meli, hana budi kwanza aeleze meli hizo ziliongozwa kwa hesabu gani.

Tena njia zetu zina tabia ya kuhama. Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalisukuma sehemu kubwa ya maji ya mto kuelekea kaskazini ya delta. Upande mmoja ukapata maji baridi kwa mpunga, mwingine ukaingiwa na chumvi, na manahodha wakajifunza mikondo upya. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliyafunika mashamba na vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kikafika Mafia na pwani inayotukabili. Mchoraji wa ramani huchora mara moja akaenda zake. Nahodha huchora kila mwaka, kichwani mwake.

Sasa tuirudie ndege, maana hatukuileta ubaoni bure.

Wengi hudhani kwamba ndege ililetwa Mafia kwa ajili ya abiria na barua, na baadaye watalii. Sivyo. Ililetwa kwa ajili yetu sisi wa delta, yaani kwa ajili ya kuchungulia ndani ya mikoko yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika vijito vya Rufiji. Nahodha wake, Max Looff, alikuwa amechagua vema. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kumfuata, kwa kuwa zilihitaji kina ambacho delta haikuwa nacho. Na kutoka baharini hazikuweza kumwona, kwa kuwa miti ilimficha. Kwa maneno mengine, meli yenye mizinga 10 ya milimita 105 ililindwa na mambo yale yale mawili yanayolinda mtumbwi wa mvuvi: maji haba na mikoko.

Waingereza wakatafuta namna ya kuondokana na maji. Mwezi wa Novemba 1914 rubani mmoja raia, Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya kuelea, aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, kaskazini ya Mafia, akaiona Königsberg ndani ya delta. Mwezi wa Desemba ndege yake ilianguka mtoni naye akashikwa mateka. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na baadaye wakafyeka uwanja wa kurukia ndege za magurudumu. Kadhalika zilikokotwa, kutoka Malta kwa njia ya Bahari ya Shamu, meli mbili za mtoni zenye kina kidogo, Severn na Mersey. Mashambulio ya tarehe 6 Julai 1915 hayakufaulu. Tarehe 11 Julai ndege zilizunguka juu zikipeleka habari kwa simu ya upepo, zikieleza risasi za mizinga zaanguka wapi, mpaka Königsberg ikapatikana, ikaungua, na watu wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake iliopolewa ikatumika katika vita vya nchi kavu; mmoja waweza kutazamwa hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Vitabu vya vita hiyo vina majina ya manahodha na marubani. Wapagazi walioikokota mizinga hiyo hawamo, isipokuwa kwa kutajwa kwa jumla.

Kutoka Kilindoni mpaka mahali meli hiyo ilipozama, kwa mstari ulionyooka, hakuzidi kilomita 50. Hata ndege za mwaka 1915, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, zilikwenda zikarudi bila kuuliza mwezi ni wa ngapi. Twadhani siku zile ndipo mstari ulionyooka ulipopita kwa mara ya kwanza juu ya nchi yetu. Ulipita kwa kazi ya kutafuta kitu kilichofichwa na maji, ukakiona, ukaondoka.

Siku hizi ndege zipitazo hapo huchukua watu wa amani. Wageni wanaotaka kuona papa-shilingi wa Mafia na tembo wa bara katika likizo moja husafiri baina ya Kilindoni na viwanja vya mbuga, ambayo sehemu yake hiyo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukiunganisha Kilindoni na Mtemere kwa rula, mstari huo hukata delta yetu katikati. Mtu mwingine atakaye kwenda kati ya viwanja hivyo viwili bila ndege atapanda chombo au kivuko kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, gari mpaka Bungu na Kibiti, kisha jingine kwa njia ya Mkongo mpaka Mloka, na hatimaye lango la Mtemere. Akipata kila kitu kwa wakati atalala njiani usiku mmoja. Hayo ni mafanikio, maana kivuko cha MV Kilindoni hakikuwako zamani, wala lami ya Kibiti. Wazee wa Rufiji wangali wanakumbuka pantoni ya Ndundu, ambako magari ya kusini yalisubiri siku kadhaa mto ukifura, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Bara, basi, walijengewa daraja likaondoa kungoja. Deltani hapana mahali pa kuweka nguzo.

Sisi wenyewe tulipanda ndege kwa mara ya kwanza mwaka 2014, kutoka Mafia kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 126, kwa shughuli ya ofisi. Tulikaa dirisha la kushoto makusudi. Delta ilionekana yote kwa mara moja, kijani iliyokolea yenye mishipa ya rangi ya chai ya maziwa, na tope la mto limejitokeza baharini kama kanga iliyoanikwa. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tuliitafuta Kiongoroni, hatukuiona. Tulijaribu kufuata kijito kimoja tulichokijua vizuri, ambacho tumekipita kwa pondo mara nyingi tukiwa watoto, lakini kutoka juu vijito vyote vilifanana, na kabla hatujaamua kipi ni kipi bawa lilifunika. Hatukuweza hata kujua kama maji yalikuwa yakiingia au yakitoka. Abiria aliyekaa karibu nasi alituuliza huko chini kuna watu. Tukamwambia wapo.

Lakini hatujaeleza kwa nini tuliichagua ndege ile ya Mtemere, na si basi la Kibiti au baiskeli ya mtu wa Ikwiriri kama vitabu vyetu vya hesabu vilivyozoea.

Mwezi wa Novemba 2009, siku moja baada ya mwezi mpevu, dada yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake kutimia. Ilianza usiku. Alijizuia kutuamsha, kwa kuwa huo ulikuwa uzazi wake wa tatu na wa kwanza ulikuwa umemlaza siku mbili. Alifikiri wakati bado. Kwenye saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mlilana ulioko ngazini kwetu, na wavuvi walikuwa wameondoka na vyombo vyote vya mashine, kama ilivyo desturi, wafuate maji yakitoka. Mkunga wa jadi alipoitwa kulikuwa kumeshapambazuka. Alimpapasa, akanyamaza, kisha akatoka nje akamwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto amekaa vibaya na kazi hii si yake tena, apelekwe hospitali bara.

Tulikimbia ng'ambo ya pili ya kijiji tukapata boti moja iliyobaki kwa sababu ya kutengenezwa. Mashine ilifungwa, mafuta yakakopwa. Saa mbili na nusu ilikuwa tayari. Ilikuwa tayari juu ya tope. Kijito kilikuwa kimebaki upana wa mikeka miwili, na kila tulipotazama kilikuwa kimepungua. Vijana kumi na zaidi waliingia topeni wakaisukuma. Ikaenda hatua kadhaa, ikazama kiubavu. Walijaribu kuibeba. Boti si mtumbwi. Mjomba wetu nahodha, ambaye siku hizo alikuwa haoni tena vizuri, alisimama juu ya ukingo akawaambia waiache wasije wakaivunja, maana jioni itahitajika.

Saa nne na dakika chache tuliisikia ndege. Ilitokea upande wa bahari, ikapita juu ya mikoko kuelekea magharibi, chini kiasi ambacho watoto waliweza kuhesabu madirisha yake. Tuliifahamu, ilikuwa ikipita mara kwa mara wakati wa misimu ya wageni. Hakuna aliyesema neno. Dada yetu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya mwembe, tayari kubebwa, naye pia aliitazama. Hatuna ugomvi na waliokuwamo. Wasingeweza kutua, wala hawakujua. Na kama mmojawapo alitazama chini aliona yale tuliyoyaona sisi baadaye kutoka dirisha la kushoto, uzuri mtupu. Ila siku ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, tulipiga hesabu ile: kwamba watu wale watakuwa wamefika Mtemere kabla maji hayajamaliza kupwa.

Boti ilielea saa nane na nusu. Tulifika Nyamisati giza likiingia, na hospitali usiku. Walimpokea wakafanya waliloweza. Dada yetu yu hai. Mtoto, wa kiume, hakuwa hai tangu mchana, walivyotueleza.

Baadaye watu waliokuja kutoa pole walimwuliza kama ilivyo kawaida yetu, kulikuwaje, na yeye aliwajibu wote namna moja. Hakusema hospitali ni mbali. Tulitazamia aseme hivyo, nasi tungesema hivyo. Tulikuwa tukisema hivyo katika barua zetu kwa wakubwa wa elimu kila walimu wapya walipokataa kuja. Yeye alisema, "Maji yalikuwa yametoka." Wenyeji walimwelewa palepale, wakainamisha vichwa. Mgeni mmoja kutoka mjini alidhani anazungumzia mambo ya uzazi.

Basi ndiyo sababu, mwaka uliofuata, tulipotafuta mfano wa mwendo na muda, mkono uliandika Kilindoni na Mtemere wenyewe. Na binti yule akasema hesabu haikusema maji yako wapi.

Juma lililofuata tuliwapa wanafunzi zoezi jingine, ambalo halimo katika mtaala na hatukuomba ruhusa ya kulitoa. Kila mmoja aulize nyumbani kwao muda wa safari ya kutoka Kiongoroni mpaka Nyamisati, aandike na maji ya siku hiyo na saa ya kuondoka. Walileta majibu ambayo mkaguzi angeyakata yote kwa kutofautiana. Kulikuwa na saa tatu, na saa saba, na "mpaka kesho". Mmoja aliandika kwamba babu yake ametaka kwanza kujua mzigo ni wa nini. Tuliyapanga yote juu ya karatasi ya manila, tarehe za mwezi zikiwa upande mmoja na saa upande wa pili, na tulipomaliza tulikuwa tumepata jedwali ambalo manahodha watatu walikuja kulitazama, wakabishana juu ya mistari miwili, na mengine wakayapitisha. Mkunga naye alikuja. Hakujua kusoma, akaomba asomewe siku za bamvua, tukamsomea mara mbili.

Madaftari tulikwenda nayo nyumbani kuyasahihisha. Dada yetu alikuwa akikaa nasi wakati huo. Alikaa karibu na koroboi akayachukua moja moja, kwa kuwa alipenda mwandiko wa watoto, akafika kwenye la binti wa dirishani. Lilikuwa safi sana. Aliandika kwamba siku za bamvua ukitoka alfajiri utatumia saa tatu, na ukitoka saa nne asubuhi utatumia saa tisa.

Dada yetu aliusoma mstari huo wa mwisho kwa sauti, akautazama tena.

"Hapa amekosea," akasema. "Saa nne hutoki."

Akatupa daftari, nasi tukachukua kalamu nyekundu.